Rumonge, Kila Mgeni Ana Mwenyeji Wake

Barabara ya kutoka Kigoma hupanda na kujipinda kwa kilomita kama 60 mpaka Manyovu, na mbele kidogo ya Manyovu ni Mugina, mlango wa Burundi kwa upande wa kusini. Ukivuka hapo, saa inarudi nyuma kwa saa nzima, maana Burundi inafuata majira ya Afrika ya Kati, na magari yanahamia mkono wa kulia. Mengine hayabadiliki. Vilima ni vilevile, migomba ni ileile, na Muha wa Kasulu anasikilizana na Mrundi wa Mabanda bila mkalimani, kila mmoja akisema lugha ya kwao. Wakikwama wanahamia kwenye Kiswahili.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Mtanzania, Mkenya au Mganda haombi viza kuingia huku. Afisa wa uhamiaji alifungua pasipoti yangu, akatazama begi kubwa lililokuwa mgongoni, akauliza ninakokwenda.

"Rumonge."

"Una mtu huko?"

"Hapana, afande. Sina mtu."

"Utampata," akasema, akagonga muhuri.

Nilidhani ni maneno ya kuniaga tu. Haikuchukua hata saa moja kugundua kwamba alikuwa akinieleza jinsi mambo yanavyokwenda kwenye pwani hii.

Chombo cha abiria cha njia hiyo ni Toyota Probox, gari ambalo kiwandani lilipangiwa watu watano na huku linabeba wengi zaidi. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa petroli. Dereva aliyepata lita zake baada ya kulala kwenye foleni hawezi kuondoka na kiti kitupu. Begi langu halikuenea nyuma, kwa kuwa tayari palikuwa na magunia ya vitunguu na tairi la baiskeli, kwa hiyo mwanafunzi aliyekaa dirishani akalipakata bila kuombwa. Kabla hatujafika Mabanda abiria wote walikwisha kujua kwamba ndani ya gari mna mgeni asiye na mtu Rumonge, na mjadala ukaanza. Mzee mmoja wa balagashia alisema nipelekwe nyumba ya wageni ya wamisionari, ni pasafi na wanafunga geti mapema. Dereva alitaja hoteli ya ufukweni. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alinyamaza muda mrefu, kisha akakata shauri.

"Siku ya kwanza mtu halali hotelini kama hana watu. Nitamfikisha kwa dada yangu. Kesho akitaka hoteli, aende."

Mjadala ukaishia hapo. Hakuna aliyeniuliza ninaonaje, na kusema kweli sikuwa na la kupinga.

Baada ya Mabanda barabara inateremka, na ziwa linajitokeza lote kwa mara moja. Tanganyika ina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni ziwa la Baikal peke yake, kule Urusi, linaloizidi kwa kina. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Sehemu ya Burundi ni ndogo, ila ni sehemu iliyosongamana watu, na kuanzia Nyanza-Lac kwenda kaskazini barabara ya RN3 haiachani na maji. Upande wa kushoto ni mitumbwi, upande wa kulia ni michikichi mpaka miguuni mwa milima. Huku ndiko kitovu cha mawese ya Burundi, na mafuta hayo yako katika kila sufuria, katika sabuni, na katika kesi nyingi za ardhi.

Pale Mvugo, karibu na Nyanza-Lac, dereva alisimama kupoza injini. Ufukweni palikuwa na vichanja vya waya vimejipanga, vimefunikwa na ndagala, yaani dagaa, waliotandazwa wembamba, weupe kama bati jipya. Zamani ndagala walianikwa mchangani, wakakanyagwa na kuku, na mvua ikinyesha mzigo wote unaoza. Shirika la FAO lilisaidia kuleta vichanja hivi, na tofauti wanaijua kinamama wanaoanika: samaki anakauka kwa saa chache, hana mchanga, bei yake imepanda. Mama mmoja alinijazia gazeti ndagala wa kuonja. Mfanyabiashara wa vitenge alipotaka kulipa, yule mama alimzuia mkono.

Rumonge iko kama kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Mwaka 2015 ilifanywa makao makuu ya mkoa mpya uliobeba jina lake, na mwaka 2025, nchi ilipopangwa upya kuwa mikoa mitano tu, mkoa huo ukafutwa. Wenyeji hawakunisimulia hayo kwa uchungu. Mji wao ulikuwa mji kabla ya mkoa: bandari ya mitumbwi, soko la samaki, viwanda vidogo vya kukamua mawese, misikiti na makanisa ya kutosha pande zote mbili, na Kiswahili kinachosikika sokoni tangu alfajiri. Lugha hiyo ilifika na misafara na majahazi ya Ujiji katika karne ya 19, ikaongezewa nguvu na Wabembe na Wamanyema kutoka ng'ambo, halafu ikaletwa upya na watu waliorudi kutoka Tanzania.

Mwenyeji wangu, yule dada wa mama wa vitenge, alikuwa mmoja wa hao waliorudi. Nilimwita mama, naye akaniita mwanangu tangu tulipopeana mkono. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kiti na kabla ya maji, lilikuwa kumtuma mtoto amwite mzee wa nyumba kumi. Mzee alikuja na miwani yake mfukoni. Mama akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akalifungua kwenye ukurasa wenye mistari iliyochorwa kwa rula. Ni daftari la kaya. Linaorodhesha wote wanaolala ndani ya nyumba, na mgeni akija huandikwa humo: jina, namba ya pasipoti, anakotoka, atakaa mpaka lini, amefuata nini.

Daftari hili limesambaa zaidi tangu vurugu za kisiasa za 2015, na lengo lake ni usalama. Wapo wanaoliona kama jicho la serikali chumbani, na sababu za kuliona hivyo ninazielewa. Lakini jioni ile nililiona pia kutoka upande wa mama. Pale penye safu ya sababu ya ziara, mzee aliuliza aandike nini. Mama akajibu, "Andika ni mtoto wangu wa Tanzania." Mzee akamtazama, akaandika. Kuanzia hapo lolote ambalo ningefanya vibaya mjini lilikuwa juu ya kichwa cha mwanamke ambaye nilikuwa nimemjua kwa muda wa kunywa chai. Karimu wa namna hiyo anaweka rehani jina lake.

Chakula kilikuja giza likiingia. Ndagala wakavu walioshwa kwa maji ya moto mara tatu, mpaka maji yakatoka safi. Kisha mawese yakapashwa kwenye sufuria nyeusi mpaka rangi yake nyekundu ikaanza kupauka na harufu ikabadilika, vitunguu vikaingia, halafu nyanya, na ndagala mwishoni kabisa ili wasivunjike. Pembeni bugali wa muhogo, mboga ya lengalenga, na bakuli la maharage. Maji ya kunawa yalianzia kwangu. Mtoto aliyashika mpaka nilipomaliza, ndipo akaenda kwa wakubwa wengine. Nilipotaka kunyoosha mkono kwenye maharage, mama akamsogeza upande wangu mkeke mzima wa kuchoma, ambaye mtu mwingine hakuwa amewekewa. Mkeke ni yule tunayemwita mgebuka Kigoma, samaki mwembamba mwenye mafuta. Pale sokoni bei yake si ya kila siku.

Kisha ikaja Fanta Citron. Chupa moja, baridi, kwa ajili yangu. Mtoto alikuwa ameizungukia maduka kadhaa, maana vinywaji vya kiwanda cha Brarudi navyo hupotea sana sokoni siku hizi, na alirudi ameloa jasho akiwa ameishika kwa mikono miwili. Niliomba glasi, nikaigawa kwa watoto. Mama alilalamika kidogo kwa ajili ya heshima, akaacha.

Hapa kuna jambo ambalo lazima niliseme wazi. Wasafiri wengi wanaopita Afrika na mabegi mgongoni hurudi makwao wakisimulia kwamba watu ni maskini lakini wana furaha, na kwamba wanagawa kwa sababu hawajui thamani ya vitu. Si kweli. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye kipato cha chini kabisa duniani kwa kila kichwa, na mama wa Rumonge anajua bei ya kila kitu kilichokuwa mezani, mpaka ya kiberiti. Alihesabu kwa sauti mbele ya dada yake asubuhi iliyofuata, wakigawana gharama ya yule mkeke. Anajua thamani, na anatoa akiwa anaijua. Mgeni anayesifu tabasamu na kusahau hesabu hajawaona wenyeji wake. Ukienda, nenda na sukari, sabuni na majani ya chai, mkabidhi mama mwenye nyumba ukiwa peke yako naye, wala usisubiri kuombwa kwa sababu hutaombwa kamwe.

Nilimuuliza mama alikojifunzia Kiswahili chake, kilichokuwa cha Tabora kabisa. Akacheka. Alizaliwa Ulyankulu.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac vikiwemo. Waasi waliua, na jeshi la serikali ya Michel Micombero likajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima yaliyodumu kwa miezi. Warundi wanayaita Ikiza. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kufika hata 300,000. Pwani hii ilikimbia kwa mitumbwi, usiku, ikifuata mwambao kwenda Kigoma. Waliofika Tanzania walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi ya pori wakalifyeka, wakawa wakulima wakubwa wa maeneo hayo. Miaka zaidi ya 35 baadaye Tanzania iliwapa nafasi ya kuchagua: kurudi au kuwa Watanzania. Makumi ya maelfu walirudi. Wengine zaidi ya 162,000 walipewa uraia, na sijui nchi nyingi duniani zilizowahi kufanya hivyo kwa idadi kama hiyo kwa mkupuo mmoja.

"Mama yangu alipokelewa Kigoma na mke wa mvuvi," mama alisema. "Hakumjua. Alimkuta ufukweni na mimba na kaka yangu mgongoni, akampa khanga na uji, akamlaza kwake. Mama alikufa anamtaja yule mwanamke."

Familia iliporudi, michikichi ya baba yake ilikuwa na watu. Familia nyingine ilikuwa imejenga hapo zamani sana, watoto wao wamezaliwa hapo. Rumonge ina kesi nyingi za namna hii, na tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilishughulikia mafuriko ya migogoro ya waliorudi bila kuwaridhisha wote. Baadhi ya waliokosa kabisa pa kurudi walijengewa vijiji, kama Mutambara, nje kidogo ya mji. Kwa mama ilikuwa kugawana: nusu yao, nusu ya wale. Ilichukua miaka, na maneno yaliyosemwa wakati huo hayakuwa mazuri. Sasa uzio wa mabingobingo ndio mpaka. Usiku ule, viti vilipokuwa havitoshi, mama alipaza sauti juu ya uzio, na kijana wa upande wa pili akaja na benchi begani, akaketi mwenyewe juu yake, akala nasi. Nikaambiwa baadaye kwamba baba wa yule kijana ndiye aliyekuwa mdaiwa kwenye kesi.

Sikuuliza walisameheanaje. Nilichokiona ni benchi, na kwamba mgeni alikuwa sababu ya kutosha ya kuliomba.

Mwaka 2015 safari ikageuka tena kuelekea Tanzania. Rais Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, maandamano na woga vilisukuma watu kuvuka, na Mei mwaka ule makumi ya maelfu walijikuta wamebanwa kwenye kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania, kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikazuka. Meli iliyowaondoa hapo, mamia kwa kila safari, ni MV Liemba, ambayo Wajerumani waliileta vipande vipande na kuizindua Kigoma mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata, nayo ikaibuliwa miaka ya 1920. Watu wa Kagunga walikuwa wachache kuliko wageni wao kwa mbali, na visima na vyoo vyao vilielemewa.

Maji hayo hayo huleta wageni Rumonge pia. Januari 2018 mapigano ya Fizi, Kivu Kusini, yalisukuma maelfu ya Wakongo kuvuka ziwa kwa mitumbwi, wakateremka Nyanza-Lac na Rumonge. Februari 2025, kundi la M23 lilipoiteka Bukavu, makumi ya maelfu wengine waliingia Burundi, wengi wao kwa kuvuka Rusizi kule Cibitoke. Nilimkuta mvuvi mmoja kwenye mwalo akishona wavu, akaniambia kwamba mwaka ule wa 2018 chumba chake cha kuhifadhia nyavu kililala watu tisa. Nyavu alizitoa nje. Zilinyeshewa.

Hakuwa akijisifu. Alikuwa akinieleza kwa nini wavu ule una viraka vingi.

Wavuvi wa hapa hutoka jioni kwa katamarani, mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu katikati na taa juu yake. Ndagala hufuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa kazi inalala. Alfajiri chombo kikitia nanga, kila aliyepo hushika kamba. Nilishika nami. Baada ya kuvuta, nahodha alipita na beseni akimpa kila mtu konzi yake. Aliponifikia alinitazama viatu, akaita kijana alete mfuko.

Mwalo wenyewe umesogea. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni, mwaka 2021 na tena 2024 yakiingia kwenye nyumba, maghala na eneo la bandari. Njia pekee ya maji kutoka Tanganyika ni mto Lukuga, kule Kalemie, na mvua ikizidi ziwa halina pa kupumulia kwa haraka. Kuna mtaa ambao kuta zake zimesimama ndani ya maji, matete yameota sebuleni. Waliokuwa wakikaa humo wako kwa ndugu, kwa marafiki, au kwa watu ambao sasa wanaitwa ndugu. Nyumba ya mama ilikuwa na familia moja ya huko kwenye chumba cha nyuma. Majina yao yalikuwa daftarini, ukurasa mmoja kabla ya wangu.

Niliondoka baada ya kazi za Jumamosi, zile za pamoja ambazo nchi nzima hufanya asubuhi, magari yakisimama mpaka saa nne. Mama alinipa kazi yangu: kidumu cha mawese na mfuko wa ndagala, vya mtoto wa kaka yake aliyeko Bujumbura. Alifunga mdomo wa kidumu kwa nailoni na mpira, akaandika namba ya simu kwenye kiganja changu kwa kalamu, akaniambia nisikiweke karibu na injini.

Kaskazini ya Rumonge, milima huisogelea barabara mpaka ikabaki nafasi ya gari mbili na mti. Minago, Magara, Gitaza, Kabezi. Kisha Mugere, kama kilomita 12 kabla ya Bujumbura, dereva alikubali kusimama kidogo. Juu ya kilima kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe: 25 Novemba 1871. Hapa sipo walipokutana. Walikutana Ujiji mwezi uleule. Kutoka Ujiji walikuja kwa mtumbwi, wakapita mbele ya pwani hii yote, wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia, na kwa hiyo Tanganyika haikuwa chanzo cha Nile kupitia huko. Walilala Mugere siku mbili, wakiwa wageni wa mtwale, yaani chifu, Mukamba.

Jiwe lina majina ya wageni. La Mukamba halimo. Yeye ndiye aliyekuwa na nyumba, chakula na mamlaka ya kuwafukuza, naye akawakaribisha wanaume wawili wagonjwagonjwa wasioijua hata lugha yake. Ningependa wizara inayosimamia utalii Burundi impe jiwe lake, hapohapo, la ukubwa uleule.

Mtoto wa kaka alikuwa akinisubiri kituoni kusini mwa jiji tangu mchana, kwa maana shangazi yake alimpigia simu kabla Probox haijawashwa. Alipokea kidumu kwanza, akakiinua kwenye mwanga kuangalia kama kimemwagika, ndipo akanipa mkono. Akampigia shangazi palepale.

"Mawese yamefika," akamwambia. "Na mtu wako amefika. Nampeleka nyumbani akaandikwe."